Mguu wa Bibi wa Shishiyu

Mwaka ule vyuo vilipofungwa kwa sababu ya corona, nilikuwa mkufunzi wa uuguzi hapa Bariadi. Wanafunzi walirudi makwao. Siku chache baadaye mkuu wa chuo aliniita ofisini, akaniambia tutaendelea na masomo kwa mtandao.

"Nadharia sawa," nikamjibu. "Lakini kufunga bandeji nitafundishaje kwa simu?"

"Anza tu, madam. Tutaona mbele ya safari."

Nilizoea kusimama nyuma ya mwanafunzi, nikamshika kiwiko na kusikia mkono wake unavyotetemeka. Sasa nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai jikoni kwangu, nikafunga bandeji kwenye mguu wa stuli huku nikiongea peke yangu. Video ya kwanza ilionyesha ukuta na kalenda, mikono haimo. Ya nne ndiyo niliyoituma kwenye kundi, nikaagiza kila mmoja ajifunze kwa mtu wa nyumbani, ajirekodi, anitumie.

Video zilianza kuingia. Mpaka leo nazikumbuka kwa sauti zake kuliko kwa picha: majogoo, mtu anatwanga, ng'ombe wanapita, watoto wanacheka kwa Kisukuma. Baba mmoja wa Mkula alikaa kimya amefungwa kichwa chote, uso wa mtu anayetii kwa sababu tu amelipa ada.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwemo binti mmoja wa Shishiyu. Darasani alikaa nyuma kabisa, na nikimtazama tu mkasi ulimponyoka. Lakini kila Jumamosi video yake ilikuwa ya kwanza. Kwao mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja nyuma ya shamba la pamba, na alipanda huko kila mara kuituma. Bandeji zake zilikuwa vipande vya kanga kuukuu, vimefuliwa na kuanikwa. Mguu ulikuwa wa bibi yake, ambaye aliketi kwenye kigoda na kunisalimia kabla ya somo.

"Mwangaluka, mwalimu. Leo nimemwambia asinikaze kama mzigo wa kuni."

Nilianza kuzisubiri salamu zile.

Wiki ya tatu nilifundisha kuangalia vidole baada ya kufunga: bonyeza ukucha, uachie, tazama damu inavyorudi. Binti akabonyeza kidole gumba cha bibi. Kikabaki cheupe. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na bado. Nikamwandikia kwamba amekaza mno. Kesho yake akatuma nyingine, safari hii mguu hauna kitambaa chochote, na damu ikachelewa vilevile.

Nikampigia simu.

"Uguse mguu. Ni wa moto au wa baridi?"

"Wa baridi, madam."

"Geuza unyayo, uangalie vizuri."

Nikasikia akimwomba bibi ainue mguu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kuna kidonda, kama alichomwa na mwiba. Bibi anasema hajasikia kitu. Anasema mguu huu siku nyingi ni kama wa mtu mwingine."

"Mpeleke hospitali Maswa leo hii. Waambie wampime sukari."

Baada ya kukata simu nikafungua tena video zake za nyuma. Nilikuwa nimeutazama mguu ule wiki tatu nikisahihisha mikunjo ya kitambaa.

Sukari ilikutwa juu sana. Kidole kimoja kilikatwa, mguu ukabaki. Niliposikia nilisafiri kwenda kumwona. Nilipofika wodini nikamsalimia muuguzi wa zamu mlangoni, na kabla sijamaliza, kikongwe mmoja kitanda cha mwisho akainua kichwa.

"Huyo ni mwalimu wangu," akasema.

Hatukuwahi kuonana ana kwa ana. Alinijua kwa sauti ya zile video. Akanishika mkono, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," na hakuniachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Aliporuhusiwa, mjukuu ndiye aliyemsafisha kidonda nyumbani, kwa utaratibu aliopewa hospitali, nami nikimwangalia kwenye simu. Nilimkosoa mara mbili tatu mwanzoni. Baadaye nikawa natazama tu. Vyuo vilipofunguliwa alirudi na kukaa benchi la mbele, na wenzake wakaanza kumwita kila fundo lilipowashinda.

Siku hizi chuo kina chumba kizuri cha mafunzo kwa vitendo, chenye midoli ya plastiki yenye mishipa ya kuchomwa sindano. Video tunazo pia, zimerekodiwa na fundi, hazina jogoo wala ng'ombe. Wanafunzi wanafaulu vizuri, sina la kulalamika. Ila midoli haisalimii.

Bibi aliishi misimu mingine mitatu ya pamba. Nilikwenda msibani Shishiyu, nikakaa na wanawake kwenye mkeka. Mmoja aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Yule binti, ambaye sasa ni muuguzi wa zahanati, alikuwa anapita na sinia la wali. Akasimama, akaniwekea sahani mapajani.

"Ni wa kwetu," akamwambia yule mama, kisha akaendelea kugawa chakula.