Wasemaji wa Mpwa Wangu

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu, binti wa dada yangu alikuwa anakaribia miaka minne, na hajasema neno la kueleweka. Sote tuliishi kwa mama yangu, kijijini Nyabiyonza. Mtoto alisikia vizuri. Akitumwa kijiko, analeta kijiko. Kusema ndiyo hakusema. Mama akaamua shangazi yangu wa kijiji cha Igurwa aje amkate kile kijingozi cha chini ya ulimi, kinachodaiwa kufunga usemi, kama alivyowakata watoto wengi.

Nikakosa raha. Labda Kiswahili changu kilimvuruga, maana nyumbani walisema Kinyambo. Labda nilimkodolea macho mno. Labda shangazi alikuwa sahihi, nami ndiye ninayemchelewesha mtoto. Nikawa namchunguza kutwa, na ndipo nikaona: mgeni akimsalimu, mama anajibu, "Hajambo!" Akiulizwa kama amekula, dada anajibu, "Ameshiba." Akinyoosha kidole tu, mimi huyo nakimbilia maji.

"Shangazi akija tusimjibie mtoto," nikawaomba. "Mara moja tu."

"Mwalimu," mama akasema, "mgeni wangu asalimiane na ukuta?"

Dada alikubali upesi. Wembe ulimtisha. Mama akafuata shingo upande.

Shangazi akafika, akapewa punje za kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni, akaweka wembe kando ya goti. Mtoto akasogezwa mbele yake.

"Mjukuu wangu, hujambo?"

Mama akajifanya anatafuta kitu kapuni. Dada akauma pindo la kanga. Mimi nilikwisha kuamini kwamba shangazi angetutangaza Igurwa nzima kuwa hatuna adabu.

"Mama, hujambo?" shangazi akamrudia mtoto kwa kumbembeleza.

Mtoto akamtazama bibi yake. Akanitazama mimi. Akamgeukia mama yake, akangoja, kisha akapiga mguu chini na kusema kwa Kinyambo:

"Mama, jibu!"

Shangazi akacheka hadi kahawa ikamtoka mdomoni. "Huyu ana ulimi mzima! Ana makarani watatu, afanye kazi ya nini?"

"Bibi, jibu!" mtoto akaendelea, akimvuta mama nguo. "Mjomba, jibu!"

Wembe ukafungwa kitambaani. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Nami nikabaki nimesimama, nikijiuliza kama maneno mawili yanatosha kuitwa kusema, wakati dada keshambeba mwanawe nje na kumzungusha juu juu uani.

"Tena!" tukamsikia mtoto. "Tena!"