Chupa Namba Saba

Kwaruu. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya chembe ya mchanga inayosagwa na jino katikati ya tonge la ugali, nami niliinua kisu upesi kana kwamba nyama ile imenijibu. Ilikuwa asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya maabara, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama. Nikakata tena, taratibu zaidi. Kisu kikakwaruza tena.

Uvimbe wa titi la mwanamke kijana kwa kawaida haukwaruzi. Mara nyingi huwa wa mviringo, mgumu kama mpira, na kisu hupita ndani yake kimya. Unaokwaruza ni ule mwingine, wa saratani, ulioishikilia nyama ya pembeni na kujijengea chembe za chokaa. Lakini lebo ya chupa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ilisema namba saba, na namba saba katika daftari langu alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu.

Nikafungua chupa namba nane, ya mke mwenza wake aliyekaribia miaka hamsini. Kisu kikapita kimya.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo. Kwenye kila fomu nililikata neno Arusha kwa kalamu na kuandika la mkoa wetu juu yake, na nilijisifu moyoni kwa usahihi huo. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nikikusanya vivimbe vya matiti kwa ajili ya tasnifu kuhusu wanawake vijana. Kwetu ni Masieda, wilayani Mbulu. Nilichagua hospitali iliyo karibu na kwetu kwa kudhani kwamba huko sitahitaji mtu wa kunieleza mila za watu.

Wake wale wawili walitoka nyanda za Hanang, wakiletwa na mume wao, mfugaji mrefu aliyesimama mlangoni na fimbo yake. Wote wawili walikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Majina yao walinitajia bila shida. Nilipouliza jina la ukoo, wakanyamaza. Nikauliza tena, kwa sauti ya mtu mwenye foleni ndefu. Mke mdogo akatazama sakafu.

“Usiwasumbue,” mume akasema. “Hilo ni jina la baba yangu. Wao hawalitamki. Andika, nakutajia mimi.”

Nikaandika. Tumekua jirani na wafugaji hao. Nilijua kwamba kwao mke hatamki jina la baba mkwe. Nilijua, nikapita. Kwenye chupa nilibandika plasta ndogo zenye jina hilo la ukoo na namba: saba kwa mdogo, kwa kuwa ndiye aliyeandikishwa kwanza, na nane kwa mkubwa. Chupa zikapelekwa chumba cha upasuaji kabla yao, zimepangwa kwa utaratibu wangu. Nilipenda kuandika mapema ili nisikosee.

Baada ya sauti ile nilikaa wiki mbili nikisubiri chuoni waniletee slaidi, vile vioo vyenye vipande vya nyama vya kutazamwa kwa hadubini, na wiki hizo nilizitumia kujibishana na nafsi yangu. Uvimbe usio na madhara nao waweza kuwa na chokaa. Saratani nayo huwapata vijana. Ndiyo sababu ya tasnifu yangu. Kila hoja ilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyonyamazisha mkwaruzo ule. Ningeweza kumwuliza mtu. Badala yake nilisoma.

Slaidi zilifika kwa basi. Namba saba: saratani, bila shaka yoyote. Namba nane: uvimbe usio na madhara, wa aina ya wasichana. Msimamizi wangu alikuwa ameambatanisha karatasi yenye neno moja la kunipongeza, kwa kuwa umri wa mgonjwa namba saba ulikuwa nadra. Naona aibu kukiri kwamba nililisoma neno hilo mara kadhaa.

Jumatatu, waliporudi kuchukua majibu, mimi mwenyewe nilimwambia mke mkubwa kwamba yu mzima.

“Kumbe mlinikata bure,” akacheka, akinishika mkono kwa mikono yote miwili. “Haya. Ng'ombe hawajui kusubiri daktari.” Kisha akamtazama mwenzake, ambaye daktari wa upasuaji alikuwa amempangia kuondolewa titi Alhamisi asubuhi, na kicheko chake kikakatika. “Huyu ana mtoto ananyonya. Mtuangalizie.”

Akaondoka na mume siku hiyohiyo. Mke mdogo akabaki wodini na mtoto wake.

Jumatano, kabla ya saa sita mchana, nilikwenda chumba cha upasuaji kurudisha chupa tupu. Muuguzi wa pale, mama mtu mzima aliyeniita profesa tangu siku ya kwanza, alikuwa anakunja vitambaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, profesa. Huyo mdogo wa kesho ananihuzunisha. Mpole mno. Siku ile ya kuwatoa uvimbe niliita jina lililo kwenye chupa yako, wote wawili wakainamisha vichwa kama nimetukana. Nikasema, aje mmoja basi! Mdogo akakataa kabisa kutangulia. Akasubiri mkubwa aingie.”

“Aliyeingia kwanza ni nani?”

“Si nimekwambia? Mkubwa. Mke mdogo atangulie wapi?”

“Na ukatumia chupa ipi?”

Akaacha kukunja. “Ya kwanza kwenye sinia. Kwani wewe, mwanangu, uliandika kabla ya kumwona mtu mezani?”

Nilitoka nikatembea hadi kichuguu kilicho nyuma ya mashine ya kusaga, mahali pekee ambapo mtandao wa simu ulishika. Daktari alikuwa Mbulu mjini kwenye kikao. Angerudi alfajiri na kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Nilisimama na simu mkononi. Nikawaza kwamba muuguzi huenda amesahau. Nikawaza nimsubiri daktari mlangoni alfajiri, nimweleze ana kwa ana, kwa mpangilio. Nikaitunga sentensi ya kwanza mara nne, na mara zote nne ilianza na neno “huenda”. Mashine ikazimwa, wanawake wakatoka na unga wao, na kutoka wodini nikasikia mtoto analia kisha ananyamaza, kama anyamazavyo anayepewa titi.

Nikabonyeza namba.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba. Niko kikaoni, sema haraka.”

“Yule wa kesho usimkate. Chupa zilibadilishana. Nimekosea mimi, niliziandika kabla hawajaingia, na mkubwa ndiye aliyetangulia. Saratani ni ya mkubwa.”

Nilisikia kiti kikisogezwa, mlango ukifungwa, kisha upepo upande wake wa simu.

“Una hakika?”

“Tangu siku niliyoukata uvimbe ule, daktari.”

“Na huyo mkubwa yuko wapi sasa?”

“Amerudi Hanang,” nikasema. “Nilimwambia mwenyewe kwamba yu mzima.”