Mikono Miwili Iliyoangusha Seva

Boss wangu alinichukia kwa sababu ya jaribio moja, nami nilimchukia kwa kulicheka mbele ya watu.

Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, chumbani Kinoo, kwa bando la intaneti la simu, na tangu hapo sijaacha kuogopa kwamba kuna jambo la msingi nililoliruka. Kwa hiyo mimi hujaribu kila kitu kupita kiasi. Ofisi ya boss huyo, katikati ya jiji, ilikuwa bado inaniangalia kabla ya kunipa mkataba. Tulikuwa tunaunda mfumo wa hesabu za vyama vya akiba. Mwanachama akibonyeza, seva inamtumia taarifa kama faili, ikitanguliwa na mistari mifupi, vichwa vya jibu, inayoieleza simu faili hiyo inaitwaje. Jina la chama tuliliweka humo.

Majina ya vyama nayajua. Cha mama yangu kina emoji ya mikono ya kuomba mwishoni, na vichwa havipokei emoji. Nikaandika jaribio la kupima mfumo kwa jina la aina hiyo; mfumo ukishindwa, jaribio huwaka nyekundu. Badala ya kurudisha ujumbe wa kosa, seva ilianguka yote.

"Nani ataweka mikono kwa jina ya chama?" boss aliuliza akicheka, ofisi nzima isikie. "Toa hiyo test. Client anakuja saa nne na kila mahali ni red."

"Nipe nusu saa nirekebishe."

"Profesa wa bando, sikukuleta hapa tubishane. Toa."

Wenzangu wakacheka. Nikalitoa.

Mteja alikuwa mama mmoja, mweka hazina wa chama cha Uthiru. Boss aliniketisha kwenye kibodi ili yeye aongee. Mama alitaja jina la chama, nikaandika, naye akainamia skrini.

"Na mikono? Yetu iko na mikono."

Boss alinikazia macho. Ningeweza kusema haiwezekani, na mkataba ungekuwa wangu. Nikaweka mikono na kubonyeza. Skrini ikabaki nyeupe, na nakiri nilifurahi.

"Stima imepotea?" mama aliuliza.

"Ni huyu kijana ameharibu, madam."

Mama alipoondoka, boss alinifuata mezani. "Ulijua itaanguka."

"Nilikuambia."

"Ukaniaibisha makusudi."

"Ndiyo."

"Jioni uniachie kadi ya mlango."

Saa zilizobaki nilizitumia kurekebisha. Sasa seva ikikuta emoji, ilituma faili kwa jina la kawaida na kuendelea na kazi. Nikarudisha jaribio, likapita. Yule aliyekuwa akiazima chaja yangu kila siku alienda kuazima kwa mwingine.

Niliweka kadi mezani kwa boss. Hakuniangalia. Nilipofika chini nikajiuliza: je, nilihifadhi yale marekebisho? Nikapanda ngazi mbio. Mlango ulikuwa umejifunga. Kupitia kioo niliiona kadi yangu pale nilipoiacha, na boss akiandika, akiwa amenipa mgongo.