Mche Niliouzungusha Bustanini

Nilipokuwa mtoto kule Mkonze, mtu hakuisifu bustani ya mwenzake. Jicho lenye husuda hukausha mboga, tuliambiwa. Bibi yangu, aliyenilea, hakuwa na shaka na hilo, nami sikuwa na shaka naye.

Mwaka ule mtama ulikauka shambani, tukabaki na vitalu vinne vya nyanya za kumwagilia. Nyanya zilikwenda sokoni Majengo, zikarudi unga. Hatukuwa na tegemeo lingine. Kiangazi kilipokaza, mche mmoja wa pembeni ukapata madoa meupe yaliyogeuka njano, kisha utando mwembamba ukafunika ncha zake.

Asubuhi moja nilimkuta jirani yetu, Mama Neema, ameinamia mche ule. Nikamwamkia. Alikuwa akifunua majani, akiyapuliza kwa chini, akiyagonga juu ya leso nyeupe.

"Marahaba. Kamwambie bibi ni utitiri huu," akasema. "Unapenda vumbi na ukavu. Huu mche muuchome hapahapa. Mingine muioshe kwa maji ya sabuni, chini ya majani."

Nikakimbia ndani. "Bibi, Mama Neema anayapuliza majani yetu."

Sikusema uongo. Habari ya sabuni ndiyo niliyoiacha, maana ile ya kupuliza ilikuwa tamu zaidi.

"Nilijua," Bibi akasema. "Juzi alizisifu nyanya zetu."

Dawa ya jicho la husuda, kwetu, ilikuwa kuung'oa mche uliopigwa, kisha binti asiyevunja ungo auzungushe bustani nzima akiugusisha kwa mmea mmoja mmoja, na mwisho autupe njia panda. Binti nilikuwa mimi. Nilipita vitalu vyote vinne. Bibi alinisifu kwamba sikuruka hata mche mmoja.

Hazikupita wiki mbili, bustani nzima ikavaa utando. Tulilala njaa, na Bibi akaona ushahidi umetimia. Kisimani watu wakawa hawamwitikii Mama Neema salamu. Kabla ya mvua akahamia Kongwa kwa ndugu zake, na Neema, rafiki yangu, akaondoka bila kuniaga.

Mwaka huu nyanya zangu mwenyewe zikashika madoa yaleyale. Bwana shamba akachuma jani, akaligonga juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vyekundu vikaanza kutembea.

"Utitiri huu hauna mabawa, mama," akasema. "Unapeperushwa na upepo, au mtu anaubeba mikononi. Nani kashika mche mgonjwa akaenda kushika mizima?"

"Mimi," nikajibu.

Alidhani ninasema ya mwaka huu.

Nimeosha majani kwa sabuni, na nyanya zimepona. Ilikuwa kazi ndogo kiasi hicho, na hilo linaniuma kuliko yote. Mama Neema amezikwa Kongwa na jina la mchawi. Bibi naye alikufa akiniita mtoto mwenye mkono mzuri. Ninaitazama mikono hii ninapofunua majani, na sina tena mtu wa kumwomba radhi.