Kesi ya Mpaka Kwenye Laptop ya Mzee

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa kompyuta pale Muleba, nikisubiri chaja yangu, nikajikuta shahidi wa kesi ya mpaka. Mzee mmoja, katibu wa kwaya, alileta laptop kuukuu iliyogoma kupokea nyimbo mpya, na kwaya inarekodi Jumapili.

Fundi, dada mwenye miwani, akamwonyesha kioo. "Mzee, diski imegawanywa mara mbili. Huku kwako kumejaa, huku kwingine karibu kutupu. Nasogeza mpaka tu. Vitu vyote nimeshavinakili pembeni."

Mzee akamshika mkono. "Hapana! Huko nilimgawia mwanangu. Mpaka hausogezwi mwenyewe hayupo."

Dada hakucheka. Akampigia simu huyo mwana, anayeishi Bukoba, akaiweka sauti ya juu.

"Tata, chukua kote," tukamsikia. "Niachie tu penye picha za mama."

Basi mzee akatuita wateja wote tusogee tushuhudie. Fundi akaukamata mstari kwa kipanya, akauvuta taratibu, na ule upande wa mzee uliokuwa mwekundu kwa kujaa ukageuka bluu. "Kasinge!" mzee akampongeza, nasi tukapiga makofi kama tuko harusini. Hata mimi, nisiyejua diski inafananaje!

Mimi na kaka yangu hatujasemezana tangu tugombanie mpaka wa kibanja cha baba, shamba la migomba kule Kishanda. Nilitoka pale nimechangamka, nikampigia palepale barabarani.

Akapokea kwa hofu: "Nani amefariki?"