Uzi Kwenye Kidole cha Mguu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, lakini leo nina Fuso tatu, na nyumba yangu hapa Bariadi ina vyumba sita, nalala kimoja. Sasa juzi nilikuwa nashusha ng'ombe, kwato zao zikanuka tope la lambo, nikasimama kama mjinga.

Nilipokuwa mtoto, kila Jumapili baba alikuwa anatupeleka lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, kuvua kambale. Tulikuwa watoto saba. Kila mmoja alimfunga uzi wa ndoano kwenye kidole gumba cha mguu, tukalala chali kwenye nyasi. Uzi ukivutwa, unamwita baba, naye anakuja kukaa na wewe.

Siku hiyo wangu haukuvutwa kabisa. Nikautikisa mwenyewe.

"Baba, anavuta!"

Akaja, akakaa, goti lake likagusa bega langu. Alinuka ugoro na jua. Akaushika uzi kwa vidole viwili, akasikiliza.

"Samaki wako ana adabu, baba. Anabisha hodi, halafu anaondoka."

"Anatikisa mwenyewe huyo!" kaka zangu wakacheka.

"Nyamazeni, mtamkimbiza."

Akabaki palepale mpaka jua likapoa.

Jana nilikwenda lamboni. Fuso niliziacha, madereva wangu wana maneno mengi. Nilipanda bodaboda. Tulipofika, dereva akageuza pikipiki.

"Mzee, nikufuate saa ngapi?"

"Usiondoke. Kaa hapa."

"Kuna kazi gani?"

"Hakuna. Kaa tu."

Kwenda, kukaa na kurudi, alinitoza shilingi elfu kumi na nane.