Waombolezaji wa Waya Mellen

Waya Mellen, yaani shangazi Mellen, dada wa marehemu baba yangu, hakutoka nyumbani bila kukaza leso kiunoni, hata akienda dukani tu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfanya aone watu kama vivuli, lakini daktari alikataa kumfanyia upasuaji mpaka presha ishuke. Alimwagiza atembee haraka kila asubuhi.

Siku ya kwanza akashika njia ya mlima Asego. Hapa Homa Bay, mama mzima aliyejifunga leso na kuharakisha alfajiri anakwenda kwenye msiba. Majirani wakamfuata, wengine wakilia.

"Nani ametuacha, mama?" akauliza Boaz, mgeni mtaani, huku akihema.

"Bado hakuna. Lakini nikisimama, ni mimi!"

Wakacheka. Mmoja aliendelea kulia. Alisema ameshaanza, acha amalizie.

Kesho yake walirudi kutembea naye, Boaz mbele akimwita konokono. Miezi ikapita, presha ikashuka. Mlangoni pa chumba cha upasuaji, Waya alinishika mkono.

"Risper, nikifunguliwa jicho, wa kwanza nitakayemwangalia ni huyo Boaz. Sauti ni ya kijana. Akiwa mzee, nitawaambia wanifunge tena."